Glavu za Jenerali

Turubai lilikuwa magunia sita ya unga wa mahindi
mama aliyoyaunga kwa uzi wa kushonea viatu.
Nyuma bado ungesoma: kilo hamsini, weka mahali pakavu.
Baba alilipaka gundi ya muhogo, akaligongomelea ukutani,
na nyumba yetu ya Katuba ikabaki na njia ya mtu mmoja
kati ya Jenerali na jiko.

Jenerali hakuja kukaa. Jenerali hakai.
Ilikuja picha yake, ndogo kama kadi ya kura,
kichwa tu, kimekatwa shingoni kwa mkasi,
na luteni mmoja mwenye haraka akihesabu kwa vidole:
nishani kumi na nne, upanga, daraja alilolivuka,
farasi.
"Farasi alikuwepo?" baba aliuliza.
"Sasa yupo."

Kichwa kilimaliza siku mbili.
Mwili ulitaka mtu.
Akaitwa mjomba Chisenga, mchimbaji wa shaba,
aliyekuwa nyumbani kwa sababu shimo lao
lilikuwa limefunga mdomo na watatu ndani.
Alipanda juu ya kreti la bia, akalibana kwa magoti,
koti la mlinzi wa benki mabegani,
ufagio mkononi,
akala bukari yake hukohuko juu.
Sisi watoto tulimpigia saluti tukipita kwenda chooni.
Alitujibu kwa ufagio.
Juni ile baridi ilikuwa kali, upepo ukileta vumbi
la mlima mweusi wa mabaki ya shaba,
na rangi haikukauka bila chembechembe zake.
Ukimpapasa yule farasi, utazisikia.

Mikono ndiyo iliyomchelewesha baba. Juma zima.
Kijani cha mawe kilikuwa kimeingia mistari ya viganja,
hakitoki kwa sabuni, hakitoki kwa mchanga.
Gumba la kushoto halikuwa na kucha,
nyundo ililila zamani, kabla sijazaliwa.
Baba alipaka alichokiona.
Kama ni kosa, kosa lake ni hilo.

Luteni alirudi. Alisifu farasi, alisifu daraja,
alizihesabu nishani mara mbili.
Kisha akainama kwenye hatamu.
"Hii ni mikono ya nani?"
Nje, mjomba alikuwa anapasua kuni.
Shoka likanyamaza.
"Mvike glavu. Nyeupe. Kesho asubuhi."

Rangi nyeupe ilikuwa imeishia kwenye mawingu.
Baba alikoroga chokaa ya ukutani na gundi iliyobaki,
akapaka usiku kucha kwa mwanga wa kibatari,
mjomba amemshikia kibatari chenyewe,
akijitazama anavyofutika, kidole kwa kidole.
"Kaka shemeji," alisema, "afadhali. Wataniomba kazi."
Tulicheka mpaka mama akaamka.

Mlango ulikuwa mdogo kuliko ushindi wake.
Askari walibomoa ukuta wa upande wa dirisha,
wakamtoa amesimama, akapanda lori.
Picha ililipwa nusu. Ukuta haukulipwa.

Mvua za Januari mjomba alikuwa shimo jingine.
Msiba ulikaa siku nne bila jeneza.
Watu wa kanisa waliomba picha ya marehemu,
ya kuweka mezani, penye mshumaa.
Tulitafuta katika masanduku yote.
Baba alikuwa amekaa nje, akiutazama ukuta mpya,
sehemu ambayo tofali hazikufanana na nyingine.

Sasa mama anapiga deki ukumbi ule mkubwa mjini.
Jenerali ameshapitwa na majenerali wengine,
lakini nani atamteremsha? Misumari ni mirefu.
Chokaa haishiki juu ya mafuta, baba alijua,
au alisahau, hatumwulizi.
Kila Ijumaa mama anapanda kiti na kitambaa kibichi.
"Nafuta vumbi," anawaambia walinzi.
Anafuta kidogo. Kidogo tu, kazi isije ikaonekana.

Wiki iliyopita alirudi nyumbani, akavua viatu,
akaomba maji, akanywa yote.
"Nimefika kwenye gumba," akasema.